NIYONKURU SI JINA LA KIKAFIRI



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo tunataka kulisema wazi jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona majumbani na tukifika msikitini tunalinyamazia.

Tulihudhuria akika moja hapa Bujumbura. Baba wa mtoto ni ndugu yetu aliyesilimu akiwa kijana. Mama yake mzazi, ambaye si Mwislamu, alisafiri kutoka Ngozi na kikapu cha maharage na jina alilomchagulia mjukuu wake: Niyonkuru. Lilipotajwa, ustadhi aliyekuwa akisimamia shughuli alitikisa kichwa akasema, "Hilo ni jina la kikafiri, tafuteni la Kiislamu." Kijana mmoja akatoa simu, akafungua orodha ya majina kwenye intaneti, na mtoto akaitwa Alayna, kwa kuwa orodha ilisema maana yake ni "binti wa kifalme". Watu wakaitikia Maashaallah. Bibi wa mtoto akaondoka kabla pilau haijapakuliwa.

Sasa tuulizane. Niyonkuru kwa Kirundi maana yake ni "Yeye ndiye Mkubwa", na anayekusudiwa ni Mungu. Ni maana ile ile tunayoitamka katika kila rakaa tunaposema Allahu Akbar. Na alayna? Kwa Kiarabu ni "juu yetu". Si binti wa kifalme wala si jina, ni tamko la kuunganisha maneno tu. Tumemnyima mtoto jina linalomtukuza Mola wake, tukampa "juu yetu", kisha tukasema tumehuisha Sunnah!

JE, JINA LA KIISLAMU NI LIPI?

Tumezoea kudhani kwamba jina la Kiislamu ni jina la Kiarabu. Tutazame alivyofanya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Umar, Uthman, Ali na Khadija (r.a.) waliitwa hivyo kabla ya Uislamu kuja, na hakuwabadilisha. Mwanawe alimwita Ibrahim, jina la Nabii ambaye hakuwa Mwarabu. Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo, jina lake lilikuwa As-hama. Alipofariki, Mtume alimswalia akiwa mbali, na mpaka leo vitabu vya Hadith vinamtaja kwa jina hilo hilo la Kihabeshi.

Majina aliyoyabadilisha yalikuwa na maana mbaya au ya kujisifu, na yalikuwa ya Kiarabu safi. Mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Barra, yaani mwema, alimwita Zaynab, ili mtu asijitakase mwenyewe. Bwana mmoja aliitwa Hazn, yaani ugumu, Mtume akamtaka aitwe Sahl, wepesi. Akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na Mtume hakumlazimisha. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, alikuja kusimulia kwamba ugumu ule haukuitoka familia yao. Kipimo kilikuwa maana ya jina. Lugha haikuwa kipimo.

Tena akina mama wenye mabinti waitwao Asiya msishtuke. Asiya mke wa Firauni, mmoja wa wanawake bora, huandikwa kwa herufi nyingine kabisa. Kwa Kiarabu haya ni majina mawili, ila kwa herufi zetu yanaonekana moja. Ndiyo maana tunasema orodha ya intaneti haitoshi, jina liandikwe kwa Kiarabu na aulizwe anayejua. Kuna wazazi duniani wanaopenda jina Zaniya kwa utamu wake mdomoni. Neno hilo limo ndani ya Qur'an, katika Surat an-Nur, na maana yake ni mwanamke mzinifu. Si kila neno la Qur'an ni jina la mtoto.

HOJA YA "IMANA"

Wapo wanaosema: Majina ya Kirundi na Kinyarwanda yamejaa "Imana", na hilo si jina la Allah. Tunawauliza: Je, "Mungu" ni Kiarabu? Kila Ijumaa khutba zetu zinasema Mwenyezi Mungu, na hakuna anayepinga. Waajemi wana neno lao, Khuda, na Waislamu wao wameitwa Khudadad, aliyetolewa na Mungu, karne na karne. Huko Indonesia, moja ya nchi zenye Waislamu wengi kabisa, Rais wa kwanza aliitwa Sukarno, na binti yake Megawati, aliyekuwa Rais kuanzia 2001 hadi 2004, ana jina la Kisanskriti lenye maana ya mawingu. Nani atawaambia wao si Waislamu?

Yatazameni majina ya wazee wetu. Nduwimana: mimi ni wa Mungu. Ndayishimiye: ninamshukuru Yeye. Ndayizeye: ninamtumainia Yeye. Hakizimana: anayeponya ni Mungu. Ntakirutimana: hakuna kinachomzidi Mungu. Ni watu gani hawa, waliowatundika watoto wao tawhidi shingoni kabla ya madrasa ya kwanza kufika nchini?

Hatusemi kila jina la asili lifaa. Nzikobanyanka, "najua wananichukia", ni kinyongo cha wazazi na majirani zao, mtoto hana hatia ya kukibeba. Havyarimana, wenyewe hukusudia kwamba anayetoa watoto ni Mungu, lakini neno lenyewe linasema anayezaa ni Mungu, na sisi tunaosoma Suratul Ikhlas kila siku ni bora tuliepuke. Na Waswahili wenzetu wanaowaita watoto Tabu, Shida na Mashaka wapimwe kwa mizani hiyo hiyo. Mizani ni moja kwa wote.

MADHARA TUNAYOYAONA

Kwanza, ndugu aliyesilimu ana diploma na kitambulisho chenye jina moja, na msikitini anajulikana kwa jina jingine. Akiomba kazi au akitaka kuoa, anaonekana kama watu wawili.

Pili, watoto wanafundishwa kumwonea haya babu na bibi. Uislamu umetuamrisha kuunga udugu na kuwafanyia wema wazazi hata wakiwa si Waislamu.

Tatu, kwa miaka mingi Waislamu wa Buyenzi na wa Nyamirambo kule Kigali wamekuwa wakiitwa "Waswahili", kana kwamba ni wageni waliokuja na misafara ya pwani. Tukiitupa kila alama ya lugha za nchi zetu, tunawapa ushahidi wanaosema dini hii si ya hapa.

NASAHA ZETU

Abdallah na Abdurrahman ndiyo majina yapendwayo zaidi na Allah, na anayempa mwanawe amefanya vizuri. Lakini ayaite kwa ukamilifu, maana "Abdul" peke yake ni mja wa nani? Anayetaka Niyonkuru, amwite Niyonkuru. Anayetaka yote mawili, Khadija Niyonkuru ni jina zuri mno.

Na kwako ustadhi wetu, ambaye tunakuheshimu kwa elimu yako na kwa watoto wetu unaowasomesha: kosa hili si lako peke yako. Sote tulikuwepo na sote tulinyamaza. Bibi yule yu hai, na Ngozi si mbali. Tukodi gari, twende pamoja, tumwombe radhi, tumwambie kwamba jina alilolileta linasema anachosema muadhini wetu mara tano kwa siku. Hakuwahi kualikwa kwenye Uislamu kwa maneno mazuri kuliko hayo, na yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.