Tambi na Uzushi wa Marco Polo

Kila Ramadhani, tambi zikiandaliwa, hakosi mjuzi wa kutwambia kwamba asili yake ni China, na kwamba Marco Polo ndiye aliyewapelekea Wataliana. La China tunalikubali. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kuwa huko Lajia, karibu na mto Huang He, lilifukuliwa bakuli la udongo lililopinduka, na chini yake tambi za nafaka jamii ya mawele, zenye umri wa miaka 4,000 hivi. Bakuli tu, chombo cha kila siku, ndilo lililozisitiri.

Ama hilo la Marco Polo, ni porojo. Yeye alirejea kwao Venice mwaka 1295. Al-Idrisi, bingwa wa jiografia aliyekuwa katika jumba la Mfalme Roger wa Pili mjini Palermo, alikwisha andika mwaka 1154 kwamba Trabia, kisiwani Sisilia, zikitengenezwa itriya kwa wingi, zikipakiwa vyomboni hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Na itriya ni nini, kama si tambi?

Tungependa walimu wetu wamtaje al-Idrisi darasani. Tambi za Sisilia zilikwisha safirishwa baharini karibu miaka mia kabla Polo hajazaliwa.