Damu ya Dodoso

Ukiulizwa una mbuzi wangapi, unaweza kumdanganya karani wa utafiti. Damu haidanganyi, na inawataja hata wanao na nduguzo. Tafiti za Demografia na Afya zimejiwekea kinga nzuri: matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi yenye namba, bila jina, na eneo la kijiji kwenye ramani husogezwa, kwa kawaida hadi kilomita 5.

Wasiwasi wetu ni matumizi ya baadaye. Wahavasupai, jamii ya wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, walitoa damu wakiambiwa ni ya kisukari; ikatumika pia kuchunguza skizofrenia. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichoichukua damu hiyo kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Kenya na Tanzania zina sheria za kulinda data. Basi fomu ya ridhaa iseme: damu itakaa wapi, hadi lini, na ikitakiwa kwa kazi nyingine, nani ataombwa ruhusa?