Rungu Si Chanjo

Mjadala wa uhuru na afya ya umma ukianza Kenya, watu hugawanyika haraka kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Kambi ya kwanza inasema: wakati wa janga nyamaza, fuata amri, mambo ya haki tutaongea tukishapona. Kambi ya pili inasema: mwili ni wangu, pua ni yangu, serikali ikae kando. Mimi nina ugomvi na kambi zote mbili, na hoja yangu nimeitoa mahali ambapo hakuna mchambuzi wa Twitter anayeenda kutafuta hoja: shamba la viazi, Kibirichia.

Kwetu, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kiazi ndicho benki. Ukitaka kujua kama karo ya mtoto wa jirani italipwa, uliza bei ya Shangi. Na adui mkubwa wa kiazi ni mnyauko. Unaletwa na bakteria wanaokaa udongoni, na wanasafiri kwa mbegu, kwa jembe la kuazima, kwa matope ya gambuti na kwa maji ya mvua yanayoteremka. Ukishaingia shambani, hakuna dawa ya kupuliza itakayoutoa. Unang'oa mmea mgonjwa, unautupa mbali na maji, kisha unakaa misimu kadhaa bila kupanda viazi hapo.

Sasa, shamba ni langu na hatimiliki ninayo. Lakini kama mimi niko juu ya mteremko na wewe uko chini, mbegu yangu mbovu inakufikia mvua ya kwanza ikinyesha. Ndiyo maana wimbo wa "mwili wangu, basi" haunishawishi. Korona ilisafiri kwa pumzi, na pumzi haina hatimiliki. Kijana wa miaka 22 aliyekataa barakoa ndani ya matatu yenye dirisha lililofungwa alikuwa anaamua pia kwa niaba ya nyanya aliyeketi nyuma yake, mwenye sukari na presha, ambaye hakuulizwa. Ukiweza kumwambia huyo nyanya usoni kwamba hatari yake ni bei ya starehe yako, sawa. Lakini usiiite uhuru.

Kwa hivyo naamini kuna wakati jamii ina haki ya kuniambia: vaa, kaa, subiri, dungwa. Mpaka hapo kambi ya kwanza inanipigia makofi. Wangoje.

Kuna somo la pili ambalo mkulima yeyote analijua. Ukitangaza kwamba kila atakayepatikana na mnyauko atapigwa, hutaua mnyauko. Utaua habari za mnyauko. Mtu atang'oa usiku, atafukia kimyakimya, atauza viazi vya shamba gonjwa kama mbegu kwa mtu wa mbali, na msimu ujao ugonjwa uko kata tatu. Ugonjwa unaoambukiza hupiganwa kwa watu kusema mapema, "Niko nao." Chochote kinachomfanya mtu aogope kusema hivyo kinausaidia ugonjwa.

Ebu tukumbuke tulivyofanya. Kisa cha kwanza kilitangazwa 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, 27 Machi, kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyohiyo, kule kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wanakimbilia feri wafike nyumbani mapema walipigwa na kurushiwa vitoza machozi. Fikiria vizuri. Amri ya kuzuia msongamano ilizua msongamano, halafu dawa ya msongamano ikawa gesi inayomfanya kila mtu akohoe na kushika uso. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Alikuwa nyumbani. Alikuwa ametii.

Kisha ikaja karantini. Waliotoka ng'ambo waliwekwa mahali pa lazima na wakaambiwa walipe wenyewe, na waliovunja kafyu wakatishiwa kupelekwa hukohuko kwa siku 14. Mahali pa kukinga afya pakageuzwa jela, na jela yenye bili. Aprili watu kadhaa waliruka ukuta wa kituo kimoja Nairobi wakatoroka. Tuliwacheka mitandaoni, tukawaita wajinga. Lakini nani angejitokeza kupimwa kwa hiari wakati jibu la "ndiyo, ninao" ni deni la maelfu kwa siku? Mpaka serikali ikasema, mwezi Mei, kwamba itabeba gharama, hofu ilikuwa imeshaota mizizi.

Halafu kuna Embu, jirani zetu wa upande wa pili wa mlima. Usiku wa 1 Agosti 2021, ndugu wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 19, walikamatwa Kianjokoma kwa madai ya kuvunja kafyu. Familia iliwapata mochari. Polisi walisema vijana waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa linaenda. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Kesi ni ya mahakama. Langu ni swali moja: ni virusi gani vilizuiliwa usiku ule? Jibu kila mtu analo.

Najua utaniambia, "Wakenya bila kiboko hawasikii." Hiyo sentensi naichukia, kwanza kwa sababu ni lugha ya bwana shauri, na pili kwa sababu si kweli. Kibirichia mitungi ya maji yenye bomba ilitokea sokoni na kwenye steji, na sabuni ya kipande imefungwa kwa uzi. Hakuna karao aliyesimama hapo na rungu. Matatu ya watu 14 ilibeba wanane, nauli ikapanda, tukanung'unika, tukalipa. Ibada zilisimama, na kwetu Meru kusimamisha ibada si jambo dogo. Mazishi yakawa ya watu 15, katika nchi ambapo kumzika mtu na watu 15 ni karibu tusi. Watu walitii wakati amri ilikuwa na maana na ilimgusa kila mtu. Waliacha kutii walipoona wanasiasa wakijaza viwanja kwa kampeni za BBI huku mama mboga anafukuzwa na kafyu, na waliposikia zabuni za KEMSA zimewatajirisha wachache huku madaktari wakilia hawana vifaa. Ukiniomba nijinyime, na wewe ujinyime. La sivyo, huo ni ushuru tu.

Na wale wanaosema dawa ya haya yote ilikuwa serikali kuachana na watu kabisa, watazame ng'ambo ya mpaka. Tanzania iliacha kutangaza takwimu baada ya Aprili 2020, hesabu ikiwa imesimama 509. Hakuna kafyu, hakuna lokdauni, wengi wetu tukawaonea wivu. Lakini mtu aliyenyimwa habari hajapewa uhuru. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ana korona. Kumficha mtu hatari halafu kumwambia "chagua mwenyewe" ni kumwuzia mbegu mbovu na kumtakia mvua njema.

Cha kushangaza ni kwamba sisi Wakenya kipimo tunacho, kimeandikwa tangu 2010. Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo. Kifungu cha 25 kinataja haki zisizoguswa hata kidogo, na ya kwanza ni kutoteswa. Mahakama Kuu iliamua hivyo 16 Aprili 2020: kafyu yenyewe ni halali, kupiga watu si halali. Mwaka uliofuata, serikali ilipotaka kuwanyima huduma wasiochanjwa kuanzia 21 Desemba, mahakama iliisimamisha. Mimi nilichanjwa, na ningekushawishi uchanjwe hadi nikuchoshe. Lakini chanjo ilikuwa haijafika kila zahanati. Huwezi kumfungia mtu mlango kwa kukosa kitu ambacho hujampelekea.

Kwa hivyo sitaki kuulizwa tena, "Uhuru au afya?" Niulize: Amri hii inazuia ugonjwa vipi, hatua kwa hatua? Nani analipa gharama yake? Anayeileta mlangoni kwangu ni mhudumu wa afya wa kijiji anayejua jina la mama yangu, au ni mtu mwenye bunduki asiyejua hata njia ya kwetu? Ikijibu vizuri, nitatii, na nitamgombeza rafiki yangu asiyetii. Isipojibu, nitaipinga, na nitaipinga kwa ajili ya afya.

Hili si la historia. Mpox ilithibitishwa Taveta Julai 2024, na itakuja nyingine baadaye. Wahudumu wa afya wa vijijini walipwe kwa wakati sasa, kabla haijafika. Polisi wafundishwe sasa kwamba kazi yao siku hiyo itakuwa kusindikiza wagonjwa na kulinda zahanati. Na sisi vijana tuanze kujizoeza sentensi ngumu kuliko "mwili ni wangu", nayo ni "maji yangu yanateremkia kwako".