Pauni 50,000 za kuzungusha santuri

SAUTI NA VYOMBO
Na Salim Mbaruku

Mwaka 2023 kampuni ya Linn ya Uskoti iliadhimisha miaka 50 ya mashine yake ya santuri, Sondek LP12, kwa toleo maalumu. Zilitengenezwa 250 tu, kila moja pauni 50,000. Rega Planar 3, inayoundwa Essex, Uingereza, haifiki hata sehemu moja ya thelathini ya bei hiyo. Kwa masikio yangu, ukizifunga zote mbili vizuri na kuzipa sindano ya aina moja, Rega haiaibiki.

Kazi ya mashine hizi si nyingi. Iizungushe santuri kwa mwendo usioyumba, iushike mkono wa sindano imara, isiongeze mtetemo wake. Hayo watu wa bei ya kati waliyamudu zamani. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, kipenzi cha madijei, haina mkanda. Mota yake huizungusha sahani moja kwa moja, na kiwanda kiliandika kwamba mwendo huyumba kwa asilimia 0.025 tu. Rega nao mwaka 1983 walitoa mkono wa RB300, aluminiamu iliyomiminwa kipande kimoja. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba watengenezaji wengine waliununua na kuufunga kwenye mashine zao zilizouzwa ghali zaidi.

Sasa itazame santuri yenyewe. Tundu la katikati likikosea kitovu kwa nusu milimita, mwendo wa mfereji chini ya sindano hupanda na kushuka kwa takriban nusu ya asilimia moja kila mzunguko, na noti ndefu ya piano huyumba waziwazi. Nakamichi wa Japani waliwahi kuunda mashine, TX-1000, iliyopima kosa hilo na kuisogeza santuri mpaka ikae sawa. Pauni 50,000 za Linn haziligusi kabisa. Na sisi tunaopenda santuri ndogo za 45 zilizochapwa Nairobi miaka ya 1970, wimbo wa dansi umekatwa katikati na sebene linakungoja upande wa pili, tunajua kwamba mikwaruzo ya miaka hamsini haiondolewi na mashine yoyote.

Sisemi fedha hazinunui kitu. Beringi iliyochongwa kwa usahihi zaidi, sahani nzito, kisanduku cha umeme kilichotengwa na mota: vyote huongeza utulivu nyuma ya muziki, na kwenye santuri safi nausikia. Ni hatua ndogo iliyouzwa kwa bei ya hatua kubwa. Wengi wanaosimulia tofauti ya mbingu na ardhi walisikiliza mashine mbili zenye katriji (kichwa kinachobeba sindano) tofauti, moja ikiwa imefunguliwa sauti kidogo zaidi kuliko mwenzake. Hapo wamelinganisha nini?

Mwenye dola 3,000 ningemshauri anunue mashine ya bei ya kati, kisha sehemu kubwa ya chenji iende kwenye katriji, maana ncha ya sindano ndiyo inayogusa muziki. Anunue pia mizani ndogo ya kupimia uzito wa sindano na brashi ya kufutia vumbi. Zikibaki fedha, maduka ya santuri bado yapo. Anayeipenda Linn kwa uzuri wake na aichukue, ni haki yake. Ila muuzaji asithubutu kumwambia mwenye Rega kwamba hajawahi kuzisikia santuri zake.