Diski yako imebeba siri za wengine, ifunge kabla hujatoka nyumbani

Hebu piga picha hii. Ni saa moja jioni, umebanwa kwenye matatu ya Rongai, mkoba umeuweka miguuni. Unashuka ukiwa hoi, matatu inang'oa nanga, na hatua kumi mbele unakumbuka: mkoba! Ndani yake mlikuwa na diski ya nje ya terabaiti moja.

Diski yenyewe utapata nyingine pale Luthuli Avenue. Itauma mfukoni, lakini utapona. Swali linalofaa kukunyima usingizi ni lingine: aliyeiokota ataona nini akiichomeka?

Ataona picha za ruracio ya mteja ambaye hata hajazipokea. Ataona kitambulisho chako, cheti chako cha KCSE na PIN yako ya KRA, ulizoskani ukitafuta kazi. Ataona namba za simu za wanachama wote wa chama kwa sababu wewe ndiye katibu. Na zile picha wewe na mpenzi wako mliapa hazitaonwa na mtu wa tatu? Nazo ziko papo hapo.

Usijidanganye kwamba nenosiri la kipakatalishi linakukinga. Lile linafunga mlango wa mashine yako tu. Diski ya nje ikichomekwa kwenye mashine nyingine hufunguka yote, kama duka lisilo na mlango. Kinachoikinga ni kuisimba, yaani kutumia programu inayogeuza faili kuwa vurugu isiyosomeka mpaka nenosiri sahihi litiwe. Programu za kazi hiyo zipo, na zilizo bora ni za bure. Ndiyo maana tunasema hapa bila kupepesa macho: kijana anayebeba data za watu wengine kwenye diski iliyo wazi hana tena kisingizio.

Sheria nayo haiko mbali. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshikilia data za watu kwa shughuli zake azilinde. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na kuwaarifu wenye data pia. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka ikiwa kiasi hicho ni kidogo zaidi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema si lazima uwaarifu wenyewe ikiwa ulikuwa umeweka kinga mwafaka, na usimbaji umetajwa humo waziwazi. Mpigapicha mdogo wa harusi pale Umoja anafaa kulijua hilo sawa na benki kubwa.

Najua mtu atauliza: cha bure kitalinda nini? Sisi tumezoea kwamba rahisi ni ghali. Kwenye usimbaji, hata hivyo, bei si kipimo. Kipimo ni kama msimbo wa programu uko wazi ili wataalamu waukague, na kama kweli umekaguliwa.

Chukua kisa cha David Miranda, aliyezuiliwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, Agosti 2013, akiwa na nyaraka zilizotokana na ufichuzi wa Edward Snowden. Diski yake ya nje ilikuwa imesimbwa kwa TrueCrypt, programu ya bure. Baada ya siku kadhaa, polisi waliiambia mahakama kwamba walikuwa wamefanikiwa kuunda upya nyaraka 75 tu kati ya takriban 58,000. Hiyo ni serikali nzima ya Uingereza, si kijana wa kuiba simu stejini.

TrueCrypt iliachwa na watengenezaji wake Mei 2014, hivyo usiitumie leo hata ukipewa na rafiki. Mrithi wake ni VeraCrypt, nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ilikaguliwa na wataalamu wa kampuni ya Quarkslab mwaka 2016, kasoro zikapatikana, na zile nzito zikarekebishwa. Hivyo ndivyo programu ya kuaminika inavyopaswa kuishi: inakaguliwa, inakosolewa, inatibiwa.

Sasa linganisha na kinga iliyofichwa ndani ya kifaa. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya diski zinazojisimba zenyewe, zikiwemo Samsung T3 na T5 za kubeba, zingeweza kufunguliwa bila nenosiri. Mnunuzi alikuwa ameilipia kinga hiyo, lakini hakuwa na namna ya kuchungulia ndani.

Basi uchague ipi? Anza na swali moja: diski hii itachomekwa wapi? Kama ni kwenye Windows pekee na una toleo la Pro, BitLocker tayari imo, hupakui kitu. Wenye toleo la Home, na ndio wengi wetu, wanaweza kufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker lakini hawawezi kuifunga wenyewe. Kama ni Mac pekee, mfumo wake unaweza kusimba diski bila msaada. Watu wa Linux wana LUKS. Lakini kama leo uko kwenye Windows ya ofisini, kesho kwenye Mac ya rafiki anayehariri video, kesho kutwa kwenye Linux ya chuoni, chaguo letu ni VeraCrypt, kwa kuwa inafanya kazi kote kuko. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi tu. Ile uliyotumiwa kwenye kundi la Telegram achana nayo.

Kisha kuna mitego, na hii ndiyo inayowaliza watu. Nakili kwanza faili zako kwingine kabla ya kusimba chochote, kwa sababu kusimba diski nzima mara nyingi huanza kwa kuifuta. Kwa anayeanza, ni heri kutengeneza sanduku lililosimbwa ndani ya diski, tuseme la gigabaiti 50, na kuzoea nalo. Ukisimba diski nzima kwa VeraCrypt, Windows haitaitambua na itakuuliza kama uifomati. Jibu ni hapana, kila mara! Wengi wamebonyeza ndiyo kwa haraka na wakajifutia kazi ya mwaka mzima.

Pia, VeraCrypt huhitaji ruhusa za msimamizi wa mashine, hivyo saiba huenda isifunguke. Na hata ikifunguka, usitie nenosiri lako kwenye mashine usiyoijua, kwa sababu huwezi kujua nani ananasa unachoandika. Ukienda kuprinti CV, beba flashi ndogo yenye CV hiyo peke yake.

Halafu nenosiri. VeraCrypt yenyewe hukuonya ukiweka lililo fupi kuliko herufi 20. Unganisha maneno matano au sita yasiyohusiana, ambayo wewe tu unaweza kuyakumbuka. Liandike mahali salama nyumbani, si kwenye karatasi ndani ya mkoba huo huo. Maana hapa hakuna "nimesahau nenosiri", hakuna wa kupigiwa simu, hakuna fundi wa River Road wa kukuokoa. Ukilipoteza, na wewe umekuwa mgeni kama mwizi. Huo ndio uchungu wa kinga ya kweli, na ndiyo sababu ya kuwa na nakala ya pili, nayo iliyosimbwa, kwa dada au kwa mzazi.

Vyuo vyetu navyo viamke. Mwanafunzi anafunzwa kuandaa hojaji, anahoji watu kuhusu afya zao na mishahara yao, kisha anayabeba majibu kwenye flashi iliyo wazi hadi kwa msimamizi wa tasnifu. Somo moja la saa mbili katika mwaka wa kwanza lingetosha kubadilisha hali hiyo.

Mteja aliyekupa picha zake hakukupa ruhusa ya kuzisahau kwenye mathree. Leo jioni, kabla ya kufungua TikTok, chomeka ile diski, uone kilichomo, na ujiulize ni siri za nani umebeba. Kisha uifunge.