Mwacheni Mchezaji Alale Kailula

Sisi watu wa Pwani twapenda kusema kuwa usingizi ni nduguye mauti, na kwa hivyo alalaye twamwona kama mtu aliyejitoa duniani. Kijana akilala mchana, majirani humwita mvivu. Akikesha barazani hadi saa nane za usiku, hakuna amwambiaye neno. Ajabu ni kuwa kailula tumerithi kwa wazee wetu, na sasa twaionea haya.

Hebu tumtazame Thomas Ceccon, muogeleaji wa Italia. Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, alitwaa dhahabu ya mita 100 kwa kuogelea chali. Kwenye mita 200 hakufika fainali. Alieleza kuwa nyumbani kwao hulala kila alasiri, lakini katika makazi ya wanamichezo joto na kelele vilimshinda. Makazi yale yalijengwa bila viyoyozi vya kawaida. Yalipozwa kwa maji yapitayo sakafuni. Siku chache baadaye mpiga makasia wa Saudia alimpiga picha bingwa huyo akiwa amelala kwenye majani, chini ya mti, juu ya taulo. Watu wengi walicheka. Mimi sikucheka. Mtu amejitaabisha miaka kadha wa kadha kwa ajili ya siku chache tu, nanyi mliomwalika mwashindwa kumpa mahali pa kufumba jicho?

Mwenye kudhani kuwa huku ni kudeka na asikize hili. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu walitakiwa wakae kitandani saa 10 kila usiku, kwa muda wa wiki 5 hadi 7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mbio zao za uwanjani zilizochukua sekunde 16.2 zikashuka hadi 15.5, na mitupo yao ya adhabu ikaingia zaidi kwa asilimia 9. Ni watu 11 tu, kweli, wala hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha. Lakini ni kocha gani asiyeitamani nusu sekunde ya bure?

Wala tusiende mbali. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Vienna ya 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alijiandaa kambini Kaptagat kwa kulala mapema usiku, na mchana akirudi kitandani baada ya mazoezi.

Na vijana wetu je? Mwezi wa Ramadhani huswali tarawehe, wakacheza mpira wa usiku, wakala daku, na asubuhi wako kazini. Timu ikifungwa, lawama ni za kocha. Saa walizolala hakuna azihesabuye. Sisemi mpira huo upigwe marufuku, maana ndio uchangamfu wa mtaa. Nasema wapangao mechi wazimalize mapema, na waajiri wenye huruma wamwachie mchezaji nusu saa baada ya adhuhuri. Nanyi kina mama, mwana akishajinyoosha kitandani, mkate wa jioni na atumwe mwengine.