Esansi ya motoka za nguvu: Lubumbashi swali haliko «super ao ya kawaida»

Katika Naviundu, sawa vile katika mitaa mingine ya Lubumbashi, motoka za nguvu hazishangazi tena mtu: Subaru za turbo, Toyota Altezza, BMW na Mercedes zilizokwisha kutumika Japani ao Ulaya. Mwenye kununua anafungua kifuniko cha tanki, anakuta karatasi yenye maandishi ya Kijapani, ao namba 95, pengine 98. Anafika kwenye pompe, anakuta tu neno moja: esansi. Namba hakuna.

Hata bei ambayo wizara ya Uchumi inatangaza haina mstari wa super. Iko na esansi, petroli (yaani mafuta ya taa) na mazuti. Kwa hiyo ule mwenye anauliza kama alipe zaidi kusudi apate esansi ya juu, kwenye pompe nyingi anauliza kitu ambacho hakiuzishwe. Lakini swali lake si la bure, maana moteri yaweza kuharibika kweli.

Kwanza, ile namba inasema nini? Watu wengi wanafikiri esansi ya 98 iko na nguvu kupita ya 91. Hapana. Namba ya oktani inapima namna esansi inavumilia kukandamizwa bila kuwaka yenyewe. Moteri ya turbo, ao ile yenye kompresio ya juu, inakandamiza sana. Esansi ikiwa dhaifu, sehemu yake inawaka yenyewe bila kungojea moto wa bujii uifikie, na pistoni inapigwa. Njo ile sauti ya vijiwe ndani ya mkebe ambayo mashofere wanasikia wakipanda mlima na mzigo. Ikiendelea, pistoni inatoboka.

Japani iko na aina mbili za esansi: ya kawaida, isiyopaswa kushuka chini ya 89, na ya juu, isiyopaswa kushuka chini ya 96. Toyota IST ao Vitz, zile za teksi, zilitengenezwa kwa ile ya kawaida. Kuzitilia chupa ya dawa ya kupandisha oktani ni kutupa feza. Subaru ya turbo na Altezza ya RS200 zilitengenezwa kwa ile ya juu. Zenyewe ziko na haki ya kulalamika.

Kuna mtego kwa motoka zilizotoka Marekani. Kule wanahesabu kwa njia ingine, na 91 yao ni karibu 95 ao 96 ya Ulaya na Japani. Mtu anasoma 91 kwenye kifuniko, anasema motoka yake inakula chochote, kumbe inalomba esansi ya juu.

Kuna pia jambo la mwinuko. Lubumbashi iko zaidi ya metre 1.200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, moteri isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, kwa hiyo kukandamiza kunapungua na oktani ya chini kidogo inatosha. Juu ya hiyo Afrika ya Kusini, upande wa Johannesburg, wanauzisha 93, wakati huko pwani ni 95. Na namba imeandikwa kwenye pompe, kila mtu anaiona. Lakini turbo inafuta ile faida: yenyewe inasukuma hewa ndani mpaka inarudisha kile ambacho mlima ulipunguza. Mwenye turbo asijitulize na habari ya mwinuko.

Motoka za kisasa ziko na kitu kinachosikiliza moteri; ikianza kugonga, ordinateri inachelewesha moto wa bujii. Moteri inapona, lakini nguvu inashuka na esansi inaisha mbio. Motoka ya zamani ya karbirateri haina mlinzi huyo.

Sasa tufike kwenye uchaguzi wenyewe ambao mkaaji wa Naviundu anafanya kila siku: pompe ao kadhafi. Kadhafi, wale wauzaji wa barabarani waliopewa jina la mkubwa wa Libya, wanasaidia sana wakati pompe zimekauka ao ni usiku. Esansi ya kusini ya Kongo inapita sana Kasumbalesa, na njia ni ndefu: bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lililokuwa la mafuta ghafi, tangu 2023 linapeleka mazuti, esansi inabaki kusafiri kwa malori. Kila fasi ambapo inamwagwa na kujazwa upya, mtu anaweza kuongeza kitu.

Kile kinachoongezwa zaidi ni petroli. Oktani yake iko chini sana, na kiasi kidogo kinatosha kushusha esansi nzuri. Ugonjwa huu si wa Kongo peke yake. Tanzania mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kusudi wachanganyaji wasipate faida. Kenya nayo mwaka 2018 iliyawekea kodi ya shilingi 18 kwa litre. Walioumia ni wale wenye kupikia na kuwashia taa, lakini faida ya kuchanganya ilipungua.

Kipimo cha nyumbani kiko: tone moja la esansi juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto na sigara. Esansi safi inakauka mbio bila alama. Ikiacha doa la mafuta, kuna petroli ao kitu kingine ndani. Maji nayo yanaonekana: esansi ikitulia ndani ya chupa inayoangaza, maji yanakaa chini. Lakini karatasi haiwezi kusema kama esansi safi ni 91 ao 95. Hiyo inalomba mashine.

Kupima bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC. Kama vile Johannesburg, kubandika namba kwenye pompe hakungegharimu mingi, na mwenye Subaru angejua kama atie ile dawa ya chupa ao aiache. Na hata hiyo dawa, asome vizuri: ikiandikwa inapandisha «points» 10, mara nyingi maana yake ni oktani moja tu.

Mpaka siku ile, mwenye turbo akisikia vijiwe apunguze mguu, asipandishe presha ya turbo hata fundi akimshawishi, na ajaze kwenye pompe yenye kutoa fakture. Bidon ya barabarani haina fakture, na moteri ikitoboka hakuna mtu wa kumwendea.